Siri ya Weupe wa Taa Yako

JUA likishatua mtaani Soweto West, Kibera, giza huingia katika vyumba vya mabati kabla ya kuingia nje. Hapo mwanafunzi huanza kutafuta taa. Zamani ilikuwa koroboi na moshi wake wa kuwasha macho. Siku hizi nyumba nyingi zina balbu ya LED, ya stima au ya jua. Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza weupe huo hutoka wapi?

Ndani ya balbu hiyo hamna mwanga mweupe. Mna kidude kidogo kinachotoa mwanga wa buluu. Waliofanikisha uvumbuzi huo, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walituzwa Nobel mwaka 2014. Juu ya kidude hicho hupakwa unga wa manjano uitwao fosfa. Usiuchanganye na fosforasi ya mbolea. Unga humeza sehemu ya buluu na kutoa manjano. Rangi hizo mbili zikichanganyika, jicho huona nyeupe.

Fosfa inayotumiwa sana ni fuwele ya ganeti iliyotengenezwa kiwandani. Ni ndugu wa tsavorite, kito cha kijani cha Taita Taveta kilichopewa jina la Tsavo. Ndani yake hutiwa seriamu kidogo, nayo ndiyo inayong'aa.

Seriamu ikimeza mwanga, elektroni yake hupanda ngazi, kisha huanguka na kutoa mwanga. Katika fuwele nyingi huanguka kutoka juu sana, ikatoa zambarau au buluu. Katika ganeti, atomu nane za oksijeni huizunguka na kuibana, mithili ya majirani wa ploti moja. Ngazi ya juu hushuka, anguko likawa fupi, na mwanga ukawa wa manjano. Seriamu ni ile ile. Kilichobadilika ni nyumba inamokaa.

Vito vyetu hutoa ushahidi kama huo. Kromiamu huipa yakuti ya Mangari wekundu, na kromiamu hiyo hiyo ndani ya zumaridi huleta kijani.

Haya yanamhusu nini mama anayeuza nyanya kando ya njia usiku? Yanamhusu sana. Mwanga wa buluu na manjano pekee una wekundu haba, kwa hiyo nyanya mbivu huonekana imefifia. Balbu bora huongezwa fosfa nyingine, yenye yuropiamu, inayotoa wekundu.

Basi ukienda dukani, soma pakiti. K 6500 ni mwanga mkali wenye buluu nyingi. K 2700 ni mwanga wa joto. Alama ya Ra ikiwa 80 au zaidi, rangi zitaonekana vyema. Usiku ukikua, wawashie watoto ile ya joto, kwani buluu nyingi huchelewesha usingizi, na kesho kuna shule.