Mcha Mungu Hujulikana Penye Gorogoro

Je, msomaji, umewahi kufika Endebess msimu wa mavuno? Ukitoka Kitale kuelekea Mlima Elgon, mashamba ya mahindi yametanda pande zote za barabara. Trans Nzoia huitwa ghala la nafaka la Kenya, na jina hilo halikuja bure. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 mbegu chotara ya 611, tunda la utafiti wa huko huko, ikawafikia wakulima. Mavuno yakaongezeka. Kwa mahindi hayo karo zimelipwa na nyumba zimeezekwa mabati.

Basi maendeleo si dhambi. Marafiki kutoka Marekani, ambao kanisa lao limeenea Kitale na Bungoma, walipofika Kaimosi mwaka 1902, walifundisha useremala na ufundi pamoja na Injili. Dini na kazi zilishikana mikono tangu mwanzo.

Tatizo huanza pale haraka ya kutajirika inapoitwa maendeleo. Chukua mfano wa gunia moja. Mahindi ya kuwekwa ghalani hayafai kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Kilo 90 zenye unyevu wa asilimia 18 zikianikwa hadi kufikia kiwango hicho, mkulima hupoteza karibu kilo tano. Shetani wa biashara humnong'oneza: uza hivyo hivyo, nani atajua?

Lakini mahindi mabichi huota kuvu, na kuvu huzaa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 125 waliripotiwa kufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kilo tano za jua si mzaha, ndugu yangu. Ni uhai wa mtoto wa mtu usiyemjua.

Nawe wa mjini usicheke. Gorogoro lililobonyezwa kitako lipo sokoni kwenu pia, na mwenye kulibonyeza huenda jana alikuwa mstari wa mbele kanisani. Wengi wetu tumemwachia Mungu Jumapili, nazo siku sita tumejiwekea wenyewe.

Nabii Mika hakutenganisha siku hizo. Katika sura ya sita ya kitabu chake anatuambia tutende haki, tupende rehema, na tuenende na Mungu kwa unyenyekevu. Wengi wetu huishia hapo. Tukisoma mistari michache zaidi tunamkuta akikemea kipimo kilichopunguzwa na mizani ya udanganyifu. Kumbe njia ya kutembea na Mungu hupitia sokoni!

Si rahisi. Anayekausha mahindi yake humwona jirani akiuza mapema na kununua pikipiki. Mwanafunzi anayekataa kuibia mtihani huenda akapitwa na mwenzake. Mungu hakuahidi kwamba mwaminifu atafika wa kwanza. Ila anayelala bila kuogopa kwamba chakula chake kimemuua mtu, huyo naye ana mali.

Mzazi, mtoto wako husikia sala zako, lakini hujifunza kwa kipimo chako. Leo kabla ya kulala, kitazame kitako cha gorogoro lako.