Je, Wajua? Steringi wa Jumamosi Asubuhi

Jumamosi maji yakipwa, hapa ufuoni Shelly huku Likoni, Mombasa, hakukosi mashujaa watano. Kila mmoja kafunga leso ya mamake shingoni, anaruka kutoka kwenye jiwe, "Supaaa!", kisha puu, juu ya mwani. Akianguka vibaya wenzake humcheka kwanza, ndipo wamwinue. Shujaa wa kuchekwa naye ana nasaba yake.

Je, wajua kwamba aliyeiteka Jumamosi asubuhi ya Marekani alikuwa panya? Mighty Mouse alianzia kwenye sinema mwaka 1942 kwa jina la Super Mouse, akabadilishwa jina 1944. Mchoraji Isadore Klein alipendekeza shujaa awe nzi. Bosi wake, Paul Terry, akasema hapana, panya. (Ahsante, Mzee Terry.) Tarehe 10 Desemba 1955 kituo cha CBS kikampa kipindi chake cha Jumamosi, akakaa nacho hadi 1967. Wenye vituo wakatanabahi: mzazi akiwa bado kitandani, mtoto ndiye mwenye runinga.

Mbwa Underdog, aliyeanza NBC tarehe 3 Oktoba 1964, alibuniwa na watu wa matangazo ya biashara ili kampuni ya General Mills iuze nafaka za kifungua kinywa. Siku za kawaida yeye ni mpiga viatu rangi. Akishaingia kwenye kibanda cha simu na kutoka shujaa, kila asemalo lina vina. Angetua Mombasa angeulizwa kwanza: na mizani, bwana?

Umewahi kujiuliza kwa nini wanyama wengi wa katuni za zamani wana tai au kola, na suruali hawana? Si heshima, ni bajeti. Studio ya Hanna-Barbera ilikuwa ikichora kwa haraka na kwa bei nafuu. Kola ikificha shingo, kiwiliwili kinaachwa vilevile, kichwa peke yake ndicho kinachochorwa upya.

Sasa nimfikie kipenzi changu. Hong Kong Phooey alionekana ABC Jumamosi ya tarehe 7 Septemba 1974, mwaka mmoja na ushei baada ya Bruce Lee kufariki, wakati kila kijana alikuwa anarusha mateke uani. Ni mbwa, jina lake la kazini Penry, mfagiaji wa kituo cha polisi. Simu ya uhalifu ikiingia anajirusha ndani ya kabati la mafaili avae joho na kinyago. Kisha droo inakwama. Yuko humo, anahangaika, mpaka paka wake Spot aigonge. Vita vikianza anatoa kitabu cha kung fu, anatafuta ukurasa, adui anamngoja. Mwizi hukamatwa kwa akili ya paka, na sifa zote anapewa mbwa, ambaye hana habari. Sauti ni ya Scatman Crothers, mwanamuziki na mwigizaji mweusi, na nadhani nusu ya kicheko imo kwenye koo lile. Vilitengenezwa vipindi 16 tu. Nilidhani ni mia.

Je, wajua kwamba mashujaa wa X-Men wana damu ya Kenya? Mwenzao Storm alitokea kwenye kitabu cha Marvel mwaka 1975, na mamake, N'Daré, ni binti wa kifalme wa Kenya. Katuni yao ilianza Jumamosi, 31 Oktoba 1992. Storm hachekeshi hata kidogo, lakini kaskazi na kusi ziko mkononi mwake, na nahodha yeyote wa jahazi angempigia magoti.

Mwaka 2014 ulikuwa na kioja. Januari, kituo cha TBC1 Tanzania kilianza kurusha Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam, asubuhi za mwisho wa wiki. Septemba 27 mwaka uohuo, kituo cha The CW cha Marekani kikafunga Vortexx, kipindi cha mwisho cha katuni za Jumamosi kwenye mitandao mikubwa ya runinga ya huko. Kwao jua limetua, kwetu ndiyo kwanza mahamri yanatiwa kwenye karai.

Wazambia nao wana Supa Team 4 ya Malenga Mulendema, iliyoingia Netflix 2023: wasichana wanne wa shule na mpelelezi mstaafu, Mama K.

Na Super Sema? Msichana wa Kiafrika, uwezo wake ni kubuni vitu, kijiji chake kinaitwa Dunia. Alianza YouTube tarehe 8 Machi 2021, Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa wazalishaji na sauti ya Mama Dunia. Adui yake ni mashine isiyo na moyo, Tobor. Lisome jina hilo kutoka nyuma.

Nilimfichulia siri hiyo mmoja wa wale wenye leso, nikitaraji ashangae. Akanitazama kama mgeni wa bara. Watoto wa hapa huongea kinyume tangu hawajaota meno ya pili. Nyumba kwao ni mbanyu.

"Kama ni roboti," akasema, "mbona si Tirobo?"

Kabla sijajibu mamake alikuwa ashafika, anataka leso yake.