Ng' Ndani ya Seva: Usakinishaji wa Programu na Hatima ya Maandishi ya Kiswahili

Utangulizi

Idara ya Kiswahili inapokusanya tenzi, methali na masimulizi ya wazee, na kutaka kuyaweka mahali ambapo mwanafunzi aliyeko Mombasa na mwenzake aliyeko Eldoret watayasoma kwa wakati mmoja, kazi aghalabu huanza na kompyuta kuukuu iliyokosa mwenyewe. Kompyuta hiyo hutakiwa igeuzwe kuwa seva, yaani mashine inayongoja maombi ya mashine nyingine na kuyajibu usiku na mchana. Ni kawaida kuona shughuli hiyo kuwa ya mafundi peke yao, na wanafunzi wa lugha wakaachiwa jukumu la kuchapa maandishi. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba baadhi ya maamuzi yanayofanywa wakati wa kuandaa seva ni maamuzi ya kiisimu na ya kiuhariri, na kwamba yakiachiwa mashine, maandishi yaweza kuharibika pasi na mtu kutanabahi.

Mfano uliochaguliwa ni mfumo endeshi wa Debian, ambao ni huria, hautozwi ada, na huweza kuendesha hata mashine zilizokwisha kuzeeka. Debian ilianzishwa mwaka wa 1993 na Ian Murdock, nayo hutumia kiini cha Linux ambacho Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, alikitoa mwaka wa 1991. Linux nayo ilifuata desturi za Unix, mfumo uliobuniwa kuanzia mwaka wa 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell nchini Marekani. Unix ya awali ilitosheka na herufi za Kiingereza. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo chimbuko la mengi yatakayoelezwa hapa.

Mkutubi na Ghala Lake

Katika Debian, programu haitafutwi huku na huko katika tovuti zisizojulikana. Imefungwa katika kifurushi, na vifurushi vyote, ambavyo ni zaidi ya elfu hamsini, huwekwa katika ghala linalotunzwa na wanajumuiya wa Debian wenyewe. Programu iitwayo apt hufanya kazi ya mkutubi. Amri ya apt update humtuma asome upya orodha ya ghala. Amri ya apt install apache2 mariadb-server php humtuma alete seva ya wavuti, seva ya hifadhidata na lugha ya kuziunganisha, pamoja na kila kifurushi kingine ambacho hivyo vitatu vinakitegemea. Mkutubi wa maktaba angeombwa diwani moja akaleta pia kamusi na sherehe ambazo diwani hiyo haisomeki bila ya hizo, asingetenda zaidi. Tena hukagua sahihi ya kidijitali ya ghala ili kuthibitisha kwamba mzigo haukuchezewa njiani. Amri hizi hutolewa na mtumiaji mkuu wa mashine, au na mtu aliyeruhusiwa kutumia amri ya sudo.

Baada ya dakika chache seva huwa imeamka. Ukifungua kivinjari na kuandika anwani ya mashine, ukurasa wa makaribisho wa Apache hujitokeza. Ni hapa ambapo aliyepewa kazi hupangusa mikono na kutangaza kwamba seva iko tayari, na ni hapa ambapo taabu huanza.

Kusakinisha na Kusanidi

Istilahi zenyewe zina somo. Kitenzi sakini chamaanisha kukaa au kutua mahali, na mzizi wake ndio uliotupa neno maskani. Kusakinisha programu basi ni kuipa maskani ndani ya mashine. Kusanidi ni jambo jingine, ingawa neno hili nalo hutumiwa na baadhi ya watu kwa maana ile ile ya kusakinisha, na mkanganyiko huo wa istilahi umezaa mkanganyiko wa kazi. Katika makala haya, kusanidi ni kuielekeza programu iliyokwisha kupata maskani namna itakavyoishi humo: isikilize wapi, imfungulie nani, ihifadhi maandishi kwa utaratibu gani. Mpangaji aliyepewa chumba hajaambiwa bado kanuni za nyumba.

Pale ambapo mwenye nyumba hakusema kitu, programu hufuata chaguo-msingi, yaani uamuzi ambao mtengenezaji aliufanya kwa niaba ya watu wote. Katika mifumo ya jamii ya Unix, kanuni hizi huandikwa katika faili za maandishi ya kawaida zilizo katika saraka ya /etc. Kwa upande wa Apache, maelezo ya kila tovuti huwekwa katika /etc/apache2/sites-available, kisha amri ya a2ensite huiwezesha tovuti hiyo kwa kutengeneza kiungo katika saraka jirani ya sites-enabled. Kabla ya seva kutakiwa isome mabadiliko kwa amri ya systemctl reload apache2, yafaa kuita kwanza apachectl configtest, ambayo husahihisha sarufi ya faili hizo kama mwalimu mkali: kiambajengo kimoja kikikosa kufungwa, hutaja faili na nambari ya mstari.

Usalama nao una sehemu yake. Kwa ufupi, programu ya tovuti isipewe kamwe mamlaka ya mtumiaji mkuu wa hifadhidata; iundiwe mtumiaji wake mwenye ruhusa ya majedwali yale tu inayoyahitaji.

Ritifaa

Kompyuta haihifadhi herufi. Huhifadhi nambari, zilizopangwa katika vipande viitwavyo baiti, na utaratibu wa kuoanisha nambari na herufi ndio uitwao usimbaji. Mwandishi na msomaji wakitumia usimbaji tofauti, nambari ni zile zile lakini herufi zinazoonekana ni nyingine.

Mtu huweza kudhani kwamba Kiswahili kimeepukana na balaa hili kwa kuwa alfabeti yake ya Kilatini haina vijialama juu ya herufi. Dhana hiyo yakoma kwenye ng'. Ritifaa katika ng'oa si pambo. Ikiondolewa hubaki ngoa, ambalo ni neno jingine lenye maana ya wivu au hamu. Isitoshe, ritifaa ina sura mbili ndani ya kompyuta. Iko ile iliyonyooka, inayopatikana katika kibodi na kusimbwa kwa baiti moja, na iko ile iliyopinda, ambayo programu za uchapaji huiweka kwa hiari yao bila kumuuliza mchapaji. Hii ya pili, katika usimbaji wa UTF-8, huchukua baiti tatu. Kivinjari kikizisoma baiti hizo kwa usimbaji wa zamani wa Ulaya Magharibi, kila baiti hugeuka herufi, na ng'ombe wa mshairi huonekana kama ngâ€™ombe. Wasomaji wengi wamewahi kukumbana na mnyama huyo bila ya kujua alikozaliwa.

Ritifaa iliyonyooka nayo ina vituko vyake. Katika lugha ya amri za Unix, na vilevile katika lugha ya SQL inayotumiwa na hifadhidata, alama hiyo hufungua na kufunga nukuu. Anayeandika amri ya mkdir ng'ombe ili kuunda saraka huona mashine imenyamaza, kwa kuwa inangoja nukuu ifungwe. Programu ya tovuti iliyoandikwa kizembe hukwama vivyo hivyo kila mtu anapotafuta neno ng'ambo, na udhaifu huo huo ndio mlango ambao wadukuzi hupitishia amri zao. Tiba yake ni kutumia amri za SQL zilizoandaliwa kabla, ambamo maneno ya mtumiaji hupokelewa kama maneno tu, hata yakiwa na ritifaa kumi.

Uamuzi wa kiuhariri ni huu: ni sura ipi ya ritifaa itakayotawala katika mkusanyo mzima? Zikichanganywa, mtafiti anayetafuta ng'ara kwa alama moja huenda asipate mishororo iliyochapwa kwa alama nyingine, naye atahesabu matukio pungufu na kuandika tasnifu juu ya hesabu hiyo.

Miswada ya Hati ya Kiarabu

Hasara kubwa zaidi hunyemelea maandishi ya hati ya Kiarabu, ambayo ndiyo hati ya tenzi za kale za pwani. Kwa miaka mingi chaguo-msingi la hifadhidata ya MySQL lilikuwa usimbaji uitwao latin1, na mpangilio wa alfabeti uliofuatwa ulikuwa wa Kiswidi, kwa sababu waliouunda mfumo huo walikuwa Uswidi. MySQL iliacha latin1 katika toleo la 8.0 la mwaka wa 2018. Debian ya leo huleta MariaDB, mfumo uliotokana na MySQL, ikiwa imekwisha kusanidiwa kutumia utf8mb4.

Hata hivyo, mkusanyo uliohamishwa kutoka seva ya zamani huja na majedwali yaliyoandikiwa usimbaji wake wa awali, na seva mpya huutii. Latin1 haina nafasi ya herufi hata moja ya Kiarabu, sembuse پ na چ zinazotumiwa kwa sauti za p na ch. Katika matoleo ya kabla ya MySQL 5.7 ya mwaka wa 2015, ambayo chaguo-msingi lake halikuwa kali, herufi isiyo na nafasi iligeuzwa alama ya kuuliza, likatolewa onyo ambalo programu nyingi hazikulisoma, na kazi ikaendelea. Ngâ€™ombe huweza kurejeshwa, kwa kuwa baiti zake zingali zipo. Alama ya kuuliza haina kilichobaki nyuma yake, na dawa ni kurudi kwenye mswada wenyewe, kama bado upo.

Tahadhari moja zaidi yahitajika. Ikiwa baiti za UTF-8 zilitiwa katika jedwali la latin1, jambo lililokuwa la kawaida sana, amri ya kubadilisha usimbaji wa jedwali moja kwa moja huzisimba mara ya pili na kuongeza vurugu. Safu husika hugeuzwa kwanza kuwa data ghafi isiyo na usimbaji, ndipo ikatangazwa kuwa ya utf8mb4.

Kabla ya kupokea shairi la kwanza, seva hujaribiwa kwa jedwali dogo lenye neno ng'oa kwa ritifaa zote mbili, na neno moja la hati ya Kiarabu lenye پ na چ. Jedwali hilo husomwa kupitia kivinjari, likatolewa kwa amri ya mariadb-dump, likarudishwa katika hifadhidata tupu na kusomwa tena. Maneno yote yakirudi kama yalivyokwenda, mkusanyo huingizwa. Nayo nakala ya seva ya zamani huwekwa kando bila kuguswa hadi mtu anayeisoma hati hiyo aulinganishe mkusanyo na miswada, ukurasa kwa ukurasa.