Mkojo Unaokatika: Ni Tezi Dume au Zinaa?

Mwanamume wa miaka 62 anayeamka mara nne usiku kwenda msalani, akasimama huko akingoja matone, huwa na swali asilolitamka mbele ya mkewe: nani kaniambukiza? Katika vijiji vya Kombewa, huko Seme, swali hilo halikuzuka bure. Eneo hilo la Nyanza limeishi na Ukimwi tangu miaka ya themanini, na ni wachache wenye umri huo ambao hawajamzika jamaa. Basi chochote kinachosumbua chini ya kitovu hushukiwa kuwa ugonjwa wa zinaa. Mama watoto naye huanza kuzihesabu upya safari za mumewe za Kisumu mjini, na mzee huishia kwenye duka la dawa, kwa kificho, akiomba tembe za kusafisha mkojo.

Kalenda ndiyo shahidi wa kwanza. Kisonono hujitokeza haraka, mara nyingi kati ya siku 2 na 7 baada ya kujamiiana: mkojo unachoma, na usaha wa manjano unachafua nguo ya ndani. Klamidia hukawia wiki 1 hadi 3, usaha wake ni mwepesi, na wanaume wengi hawaoni dalili yoyote. Tezi dume haina haraka hiyo. Ni kazi ya miaka: mkojo unachelewa kuanza, unakatika njiani, unapoteza nguvu, na ukimaliza unahisi bado kuna uliobaki. Usaha haumo.

Tezi ya kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Iko chini ya kibofu, na mrija wa mkojo hupita katikati yake. Kuanzia miaka ya arobaini, sehemu yake ya ndani huanza kunenepa na kuukaba mrija kama mkono uliofinya mpira wa kumwagilia bustani. Idadi ya wanawake ambao mtu amelala nao haihusiki. Mwili hugeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi iitwayo DHT, na hiyo ndiyo inayoilisha tezi. Ushahidi ulitoka mbali. Mwaka 1974, Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za koo fulani za Jamhuri ya Dominika ambamo baadhi ya wavulana huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachofanya mageuzi hayo. Hata wakishakuwa watu wazima, tezi zao hubaki ndogo. Wazo hilo ndilo lililozaa dawa ya finasteridi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992, ambayo leo wazee wetu huandikiwa.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Saratani ya tezi dume kwa kawaida huanzia upande wa nje wa tezi, mbali na mrija, kwa hiyo mwanzoni haisumbui mkojo. Anayekojoa kwa shida, mara nyingi tezi yake imenenepa tu bila saratani; anayekojoa vizuri hajahakikishiwa lolote. Kipimo cha damu cha PSA husaidia, ila maambukizi ya mkojo au ya tezi hukipandisha, na anayepimwa angali mgonjwa huweza kutishwa bure. Atibiwe kwanza, angoje wiki 6 hadi 8, ndipo apimwe.

Kwa upande wa magonjwa ya zinaa, Kisumu yenyewe ina la kusema. Wanaume 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24 walishiriki hapo utafiti wa tohara ulioongozwa na Robert Bailey. Ulisitishwa mapema, Desemba 2006, kwa kuwa jibu lilishaonekana: tohara ilipunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa HIV kwa zaidi ya nusu. Habari hizo zilienea hadi kwenye fuo za wavuvi. Zilizotangazwa mwaka 2009 hazikuenea vivyo hivyo: katika utafiti huohuo, tohara haikuzuia kisonono, klamidia wala trikomonasi. Aliyetahiriwa akichomwa na mkojo asijidanganye, na mzee asidhani mvi ni kinga.

Damu kwenye mkojo ni kesi nyingine. Kichocho kimejaa katika Ziwa Victoria, lakini aina iliyotamalaki ufuoni, Schistosoma mansoni, hukaa kwenye mishipa ya utumbo, si ya kibofu. Mvuvi anayekojoa damu asimalize kwa kulaumu maji ya ziwa. Achunguzwe figo, kibofu na tezi.

Tena, kabla ya kumshuku mtu, kumbuka ulichomeza. Dawa za mafua zenye klorofeniramini, ile Piriton inayopatikana kila duka, hudhoofisha msukumo wa kibofu. Mzee mwenye tezi kubwa huweza kulala na mafua akaamka mkojo umeziba kabisa. Hiyo ni dharura ya usiku uohuo. Anahitaji kuwekewa mpira wa kutolea mkojo, si kungoja kliniki ya Jumatatu.

Ukifika hospitali ya Kombewa, au ukipewa rufaa hadi Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado wanaiita Russia, usiombe dawa ya mkojo. Omba mkojo upimwe, na damu ipimwe HIV na kaswende. Daktari akitaka kuipapasa tezi kwa kidole, mruhusu. Haichukui hata dakika moja. Na ikiwa ni kisonono au klamidia, nenda na mwenzako. Akitibiwa mmoja tu, yule aliyebaki atamwambukiza upya.