Betri za Ndege Nyuki: Kuzichaji na Kuzihifadhi kwa Salama

Maelezo haya ni kwa wakulima wa Kisongo na jirani zao wanaotumia ndege nyuki, yaani ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake. Ndege hizi hutumika kukagua mimea, kupima mashamba na kupulizia dawa. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), yenye makao makuu hapa Arusha, huzitumia kupambana na kwelea kwelea, adui wa mpunga, ngano na mtama.

Mkulima mwenye ndege nyuki huitunza ndege, akaisahau betri. Hilo ni kosa. Betri iliyotunzwa vibaya yaweza kuunguza nyumba na mavuno ya mwaka mzima kwa usiku mmoja.

Betri hii si kama ya gari

Wengi wetu twaijua betri ya gari, ile nzito yenye risasi na maji ya asidi. Betri hiyo hupenda kukaa imejaa. Ikiachwa tupu huharibika. Kwa mazoea hayo, watu huijaza betri ya ndege nyuki kisha huiweka mpaka msimu ujao. Haifai kufanya hivyo.

Betri ya ndege nyuki ni ya lithiamu. Ndani yake mna matabaka membamba yaliyopangana kama kurasa za kitabu. Kati ya tabaka na tabaka pana utando mwembamba sana, pamoja na majimaji yanayoshika moto upesi. Betri ikikaa imejaa kwa majuma mengi, hasa mahali pa joto, majimaji hayo huharibika pole pole na kutoa gesi, na betri huvimba. Ikichajiwa kupita kiasi, ikitobolewa au ikipondeka, utando huweza kuchanika. Hapo umeme hupita mahali pasipo pake, joto hupanda, na moto hutokea.

Namna ya kuchaji

1. Tumia chaja iliyotengenezwa kwa betri hiyo. Kama chaja yataka kupangwa, hakikisha idadi ya seli ni ile iliyoandikwa kwenye betri.

2. Usichaji kwa nguvu kupita kiasi. Betri iliyoandikwa 16,000 mAh ichajiwe kwa ampea 16 au pungufu, isipokuwa kiwanda kimeruhusu zaidi.

3. Betri iliyotoka kuruka huwa ya moto. Iache kivulini mpaka ipoe. Vile vile, asubuhi za Juni na Julai baridi ya Mlima Meru ni kali. Betri iliyolala kwenye baridi iache kwanza ipate joto la kawaida.

4. Chaji juu ya sakafu ya saruji au matofali, mahali penye hewa. Usichaji juu ya kitanda, meza ya mbao au magunia.

5. Usiondoke wala usilale betri ikichajiwa. Ikivimba, ikinuka au ikiwa ya moto sana, zima umeme mara moja.

6. Hapa Kisongo tuko jirani na Uwanja wa Ndege wa Arusha, na ndege nyuki hairushwi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Basi usijaze betri kabla ya kupata kibali na kuijua siku ya kazi. Ijaze siku ile ile, au jioni ya kuamkia kazi ungali macho. Kazi ikiahirishwa kwa upepo au mvua, betri isikae imejaa zaidi ya siku 2 au 3. Irudishe kwenye kipimo cha kuhifadhi.

Namna ya kuhifadhi

Betri ihifadhiwe ikiwa nusu, mahali pa baridi, na peke yake.

Nusu maana yake ni volti 3.8 hivi kwa kila seli. Seli ya kawaida ikijaa huwa na volti 4.2, na isishuke chini ya 3.0. Kwa hiyo betri ya seli 6 ikijaa ina volti 25.2, na ya kuhifadhiwa iwe na 22.8 hivi. Chaja nyingi zina sehemu ya kufanya kazi hiyo. Pima betri kila mwezi.

Mahali pa baridi maana yake ni kivulini na pakavu. Chini ya bati tupu wakati wa jua, au ndani ya gari lililofungwa, si mahali pa betri.

Peke yake maana yake ni mbali na mahindi, majani makavu, mafuta ya taa, mbolea na dawa za mimea, wala si chumba wanamolala watoto. Sanduku la chuma lisilofungwa kwa kubana, lililowekwa juu ya matofali, lafaa. Funika ncha za nyaya ili zisigusane.

Betri ikivimba au ikiwaka

Betri iliyovimba haina tiba. Usiitoboe, usiichaji, usiitupe chooni wala kwenye moto wa takataka. Iweke nje, mbali na nyumba, ndani ya ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, kisha mwulize aliyekuuzia au Bwana Shamba pa kuipeleka.

Ikiwaka, ondoa watu kwanza. Moshi wake una sumu. Simama upande upepo utokako. Kata umeme, kisha kama waweza bila hatari, mwagia maji mengi ili kuipoza. Mchanga husaidia moto usienee, lakini haupozi. Usiirudishe ndani hata moto ukizimika, kwa maana waweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa.

Leo kabla ya giza, tazama betri yako iko wapi. Kama iko stoo pamoja na magunia, itoe.