Twiga wako kilomita 20 kutoka Kiwanjani, na mtoi wako anawajua kwa katuni tu

Kama unaishi Kiwanjani unajua ile sauti ya ndege ndogo ikishuka. Watoi wanaacha mpira sekunde mbili, wanaangalia juu, halafu game inaendelea. Nje kidogo ya mtaa, magari ya watalii yanapita barabara ya Moyale yakiwa yamejaa watu waliovuka bahari kuja kuona wanyama ambao wako karibu na keja yako kuliko Meru mjini. Sasa fanya hivi leo jioni: muulize mtoi wako ni mnyama gani mkubwa amewahi kuona live. Kama jibu ni ngamia ama punda wa kubeba maji, hii story ni yako.

Ni yako pia kama huna mtoto lakini wewe ndio big bro ama sista mkubwa mwenye huachiwa watoi kila Jumamosi mathe akienda soko.

Tunabonga kuhusu klabu ya mzazi na mtoto. Si kitu kigumu. Familia kadhaa za mtaa zinaungana, zinachanga doh pole pole kama chama, halafu zinatoka pamoja, kila mzazi na mtoi wake. Sheria kubwa ni moja tu: hakuna kutuma mtoi peke yake. Ukitaka mtoto aende, unaenda na yeye, au anaenda na yule mtu mzima anayemlea.

Hapo ndio tofauti na trip ya shule. Kenya ina historia poa ya kupeleka watoi mbugani. Wildlife Clubs of Kenya ilianza 1968 kupitia wanafunzi wenyewe, na wengi wetu ndovu wa kwanza tulimwona kwa dirisha la basi la shule. Lakini kwa ile basi mbuyu hakuwa. Mtoi anarudi jioni na story kibao, anakuta kila mtu kejani amechoka, story inakufia mlangoni. Mkienda pamoja inabaki yenu nyote wawili. Mwezi mzima baadaye bado anakuuliza, "Unakumbuka yule ndovu alitukazia macho?" Na wewe unakumbuka, kwa sababu ulitetemeka pia, ni vile hukusema.

Kwa watu wa Isiolo umbali si shida. Mbuga ni tatu na zimekaa jirani: Buffalo Springs na Shaba ziko upande wa kaunti ya Isiolo, na Samburu iko ng'ambo ya mto Ewaso Nyiro. Lango la Ngare Mara la Buffalo Springs liko kama kilomita 20 kutoka mjini, kabla hata hujafika Archers Post. Kitu cha kujua mapema ni kwamba hizi mbuga ni za kaunti, si za KWS. Usichukue bei ya Nairobi National Park ukapigia watu hesabu nayo kwa WhatsApp. Uliza langoni ama ofisi ya kaunti, uliza bei ya raia, na siku yenyewe beba kitambulisho. Mtoi hulipa kidogo kuliko mtu mzima, na gari nayo hulipiwa.

Na kwa nini watu wavuke bahari? Kuna wanyama watano ambao ukienda Maasai Mara hutawapata, na huku ndio kwao: twiga mwenye madoa yaliyochorwa kama wavu, punda milia wa Grevy, choroa mwenye pembe mbili ndefu zilizonyooka, mbuni wa Kisomali mwenye shingo na miguu ya rangi ya bluu-kijivu, na swala twiga. Huyu wa mwisho ndiye watoi humpenda kushinda wote, kwa sababu husimama kwa miguu miwili ya nyuma akila majani ya juu, utadhani anaiba kitu kwa kabati. Wazungu humwita gerenuk, na hilo jina walilitoa kwa Kisomali, garanuug. Yaani kuna mtoi wa Kiwanjani ambaye shosho yake ana jina la huyo mnyama mdomoni siku zote, na yeye hajawahi kumwona.

Punda milia wa Grevy ana story yake. Wamebaki kama 3,000 hivi porini duniani kote, na wengi wao wako kaskazini mwa Kenya. Januari 2016 kulifanywa hesabu kubwa ambapo watu wa kawaida, pamoja na wanafunzi na familia, walizunguka na kamera wakipiga picha za punda milia upande wa kulia. Mistari ya kila mmoja ni tofauti, kama alama za vidole vyako, kwa hivyo kompyuta inaweza kusoma picha na kujua huyu ameshahesabiwa. Hesabu hiyo imerudiwa tena miaka ya baadaye. Mpe mtoi wako hiyo kazi mkiwa ndani: achague punda milia mmoja, ajaribu kushika mistari yake, halafu aone kama atamtambua akisimama kati ya wengine. Ni ngumu kuliko game yoyote ya simu.

Kisha kuna ndovu. Pale Samburu watafiti wa Save the Elephants wamewafuata tangu miaka ya 1990, mpaka familia zao zina majina; kuna Royals, kuna Storms, kuna Spice Girls. Mwaka 2024 ilitoka ripoti ya utafiti uliofanywa Samburu na Amboseli, ikisema ndovu huitana kwa milio inayofanya kazi kama majina, kila mmoja na wake. Sasa mwambie mtoi huyo mama ndovu huenda anaita mtoto wake kwa jina, halafu nyamazeni wote ndani ya gari. Utashangaa vile watoi kumi wanaweza kukaa kimya.

Kwa wale wadogo kabisa, story mbili zinatosha kuwavusha njia nzima. Ya kwanza ni Kamunyak, simba jike wa Samburu ambaye mwaka 2002 alijulikana dunia nzima kwa sababu alichukua ndama wa choroa na kukaa naye kama mtoto wake badala ya kumla. Alirudia na wengine baadaye. Ya pili ni Elsa, yule simba wa kitabu na filamu, aliyeokotwa mdogo mwaka 1956. George Adamson, aliyekuwa afisa wa wanyamapori wa eneo hili, na mkewe Joy walimlea nyumbani kwao hapa hapa Isiolo. Dunia nzima inajua huyo simba, na watoi wetu hawajui alikuwa jirani.

Sasa doh. Watu wengi wanasema safari ni ya wenye pesa, na ukipiga hesabu ya familia moja kukodi gari, ni kweli. Ndio maana ni klabu. Chukua familia kumi, kila moja itoe soo moja kwa wiki. Hiyo ni thao kwa wiki, na kwa wiki 12 mna 12,000. Hapo mnaweza kuanza kuongea na mwenye van, ama mkodishe basi la shule wikendi likiwa limelala. Bargain gari mapema, na mkubaliane na dere kwa maandishi kama mafuta yako ndani ya bei ama mtaongeza. Pesa ikae na watu wawili, si mmoja, na kila Jumapili mtu apost kwa grupu imefika ngapi. Klabu nyingi za mtaa huuliwa na kimya cha mweka hazina, si ukosefu wa pesa.

Ratiba nayo ina kona zake. Kiwanjani watoi wengi wana madrasa wikendi, so ukisema tu "Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi" umeshaacha nusu nje. Ongea na mwalimu mapema, ama ngojeni likizo. Mimi ningeenda Agosti kuliko Aprili. Mvua ndefu ikianza barabara za ndani zinakuwa tope, na van haina biashara huko. Muda mzuri ni ngware kabisa, kabla jua halijapanda, kwa sababu kufika saa tano wanyama wameingia vivulini na watoi wameanza kulia. Maji beba mengi kuliko unavyofikiri, lita mbili kila kichwa, na dishi iwe ile haiharibiki na joto: mahamri, mayai ya kuchemsha, ndizi. Kama kuna mama wa Kisomali kwa klabu, mpe heshima yake na umwombe nyirinyiri. Ile nyama imekaushwa na kukaangwa kwa safari za jangwani. Isiolo–Buffalo Springs ni mchezo kwake.

Hapa kwa maji ya mto tuongee bila jokes. Ewaso Nyiro inapendeza, kina chake kinaonekana kifupi, na ina mamba. Tena hupata maji yake kutoka Mlima Kenya na Aberdare, kwa hivyo inaweza kujaa ghafla hata kama kwenu hakujanyesha tone. Machi 2010 ilifurika ikabeba kambi na hoteli za watalii pale Samburu, majengo yenye msingi. Mtoi asishuke ukingoni, period. Hamtoki kwa gari mpaka mahali ranger amesema ni sawa, na vichwa vinahesabiwa kila mara mkipanda, kwa sauti, na mtu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni hiyo tu. Zile chemchemi za Buffalo Springs, ambapo inasimuliwa ndege ya Waitaliano iliangusha bomu wakati wa Vita vya Pili, ziko sawa kutembelewa, lakini uliza kwanza kabla mtu hajavua shati.

Simu: mtu mzima mmoja anapiga picha, wengine simu zinakaa mfukoni. Mtoi anajua vizuri sana saa ile uko naye na saa ile uko na status.

Kuna kitu kingine ambacho watu hupenda kuzunguka. Klabu za watoto huishia kuwa za akina mama. Mabuda wanatoa pesa, wanasema "nendeni mfurahie." Kama wewe ni mbuyu unasoma hii, wewe ndio ulikuwa unatafutwa. Hutaulizwa ujue majina ya ndege wala kuimba. Utakaa kwa kiti, mtoi atalalia mkono wako mkirudi, na mkono utakufa ganzi kutoka Ngare Mara mpaka Kiwanjani.

Na klabu isiwe ya kabila moja. Isiolo ni ya Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru na wengine, na wote tunajua miaka ambayo mifugo iliibwa, watu wakauawa, na mtu akaogopa kuvuka kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine. Watoi husikia hizo story kejani hata ukidhani wamelala. Kwa hivyo familia kumi zisitoke ploti moja. Tafuta mbili Bulapesa, mbili Kulamawe, moja Checheles. Panga viti mwenyewe, usiache watu wakae na wenye wanajuana. Watoi wawili wakigombania dirisha moja kutoka mjini mpaka langoni, wanafika wakijuana majina. Wazazi huchukua muda kidogo, kawaida mpaka dishi ifunguliwe. Sisemi hiyo inamaliza vita vya malisho. Nasema yule mtoi ana mtu anayemjua upande wa pili, na mama yake ana namba ya simu ya kupigia siku mambo yakichemka.

Kama wiki 12 ni mbali, anzeni na za bure. Asubuhi isiyo na mawingu tafuteni mahali palipo wazi muone Mlima Kenya kabla haujajifunika. Wiki ingine nendeni mjini mahali akina mama wanapokusanya maziwa ya ngamia; mengi hupanda basi mpaka Eastleigh, na mtoi anaweza kuuliza mtungi mmoja unapitia mikono mingapi kabla ufike Nairobi. Omba ruhusa siku moja kabla, na nunueni kitu, msiende kuangalia watu wakifanya kazi.

Mkishazoeana na gari limekaa sawa, kuna ya mbali zaidi: Reteti, kule Namunyak, kituo cha kulea ndovu mayatima kilichofunguliwa 2016 na jamii ya Wasamburu wenyewe. Ndovu wadogo hunyweshwa maziwa ya mbuzi yanayonunuliwa kwa akina mama wa huko, kwa chupa kubwa kama za mtoto. Wageni huingia kwa saa maalum tu, kwa hivyo pigeni simu kabla ya kutoka, na muondoke Kiwanjani bado giza. Watoi watalala njia yote ya kwenda. Waamshe mkifika Archers Post, wakojoe.