Kufunga Faili katika Lugha za Programu Zenye Ukusanyaji wa Taka: Umuhimu Wake kwa Korpasi za Kiswahili

Uchakataji wa korpasi hutegemea programu zinazofungua maelfu ya faili kwa mfululizo. Nyingi huandikwa kwa Python au Java, lugha zinazoachilia zenyewe kumbukumbu isiyotumika tena kwa njia ya ukusanyaji wa taka, mbinu aliyoibuni John McCarthy kwa ajili ya Lisp mwishoni mwa miaka ya 1950. Wepesi huo umezaa dhana kwamba faili nazo hujifunga zenyewe. Makala haya yanafafanua kwa nini dhana hiyo inahatarisha data za lugha.

Kwa kawaida, kikusanya taka huongozwa na matumizi ya kumbukumbu, si na wingi wa faili zilizo wazi. Kumbukumbu ikiwa tele, kinaweza kuchelewa mno. Madhara ni mawili. Kwanza, mfumo endeshi huwekea kila programu kikomo cha faili. Katika mifumo mingi ya Linux kikomo cha awali ni 1,024. Kikishafikiwa, faili inayofuata haifunguki. Pili, maandishi yanayoandikwa hukaa kwanza katika hifadhi ya muda. Programu ikikatika ghafla kabla ya faili kufungwa, sehemu ya mwisho hupotea. Korpasi iliyopungua hivyo hutoa takwimu potofu za msamiati, na kamusi au sera inayojengwa juu yake hurithi kasoro hiyo.

Java ilijaribu kukiachia kikusanya taka kazi ya usafi wa mwisho, lakini utaratibu huo haukutegemeka, na toleo la 9 la mwaka 2017 liliutangaza kuwa umepitwa na wakati. Njia thabiti ni kuifunga faili mara tu kifungu cha programu kilichoifungua kinapokamilika, hata kosa likitokea. Python hufanya hivyo kwa tamko "with", lililoingizwa katika toleo la 2.5 mwaka 2006. Java iliongeza uwezo huo kwenye "try" katika toleo la 7, mwaka 2011.

Kupita majaribio si ithibati tosha. Python ya kawaida huhesabu marejeo, hivyo mara nyingi hufunga faili papo hapo; PyPy haifanyi hivyo. Uzembe uliofichika katika mazingira moja hujitokeza katika mengine.

Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba taasisi zinazogharimia korpasi ziweke ufungaji bayana wa faili miongoni mwa vigezo vya kupokea programu, sambamba na kulinganisha idadi ya maneno yaliyoingizwa na yaliyohifadhiwa.